Askari wa Kuchezea Wasio na Alama: Namna ya Kujua Walitoka Kiwanda Gani

Sanduku la urithi likifunguliwa, kila mtu humgeuza askari kichwa chini atafute jina. Asipoliona, humrudisha ndani na kusema ni "wa zamani tu". Ni mapema mno kukata tamaa. Viwanda vingi vilivyotoa askari wa kuchezea katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20 havikuandika chochote juu ya kazi yao. Lakini hakuna kiwanda kilichoweza kuficha namna kilivyofanya kazi: madini kiliyoyeyusha, jinsi kilivyoyamimina kwenye kalibu, mahali kilipounganishia kichwa na mkono. Hayo ndiyo ya kusoma kwanza. Sare isubiri; anayeanza na sare hupotea mapema.

Kabla ya kugusa chochote

Usiwaoshe. Vumbi, rangi iliyomeguka na kipande cha karatasi kilichoganda chini ya kitako (kibao anachosimamia askari) vyote ni ushahidi. Piga picha ya sanduku kama ulivyolikuta, tabaka kwa tabaka, kisha askari waliokuwa pamoja watie kwenye mfuko mmoja wenye namba. Kama wamefungwa kwa gazeti, lihifadhi: tarehe yake haikuambii waliundwa lini, ila inakuhakikishia kuwa siku ile walikuwa wameshaundwa. Mikono, vichwa na singe zilizovunjika zisitupwe. Mkono uliochomoka huonyesha kiungo chake, na kiungo hicho kwa askari mzima hukioni.

Wengi wao ni wa madini ya risasi na rangi zao pia zina risasi, kwa hiyo vaa glavu, usile wala kunywa kwenye meza hiyo, nawa kwa sabuni ukimaliza, na watoto wadogo wakae mbali. Ukimwona askari ana unga mweupe kama chokaa, hiyo si rangi iliyochakaa. Ni risasi inayooza kwa mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao, hasa za mwaloni, na kwenye plaiwudi na makatoni. Unga huo ni sumu. Usiupulize, usiupigie brashi kavu. Mtenge askari huyo kwenye chombo cha plastiki peke yake.

Vifaa ni vichache: mizani ndogo inayosoma gramu moja au pungufu, venia (kipimo cha kubana cha milimita), sumaku, lenzi ya kukuza mara 10, tochi, penseli laini, karatasi nyembamba na bakuli la maji. Tochi ya mwanga wa urujuanimno ukiipata ni vizuri, usipoipata kazi haisimami.

Hakikisha kweli hana alama

Alama nyingi zipo ila zimefunikwa. Zima taa ya chumba, mlaze askari, umulike tochi kutoka ubavuni karibu sawa na meza ili kila kinundu na kibonde kitoe kivuli. Angalia chini ya kitako, ukingo wa nyuma wa kitako, kati ya miguu, na kwa wapanda farasi angalia tumbo la farasi. Herufi zikiwa zimejazwa rangi, weka karatasi nyembamba juu yake usugue kwa penseli. Mara nyingi neno hujitokeza kwenye karatasi wakati jicho limeshindwa kulisoma.

Tarehe ikijitokeza, usiifurahie haraka. Kwenye askari wa kampuni ya Britains ya London, tarehe iliyoandikwa ni ya kusajili haki ya umbo lile. Kalibu hiyo hiyo iliendelea kutumika kwa miaka mingi, hivyo askari mwenye tarehe ya 1901 anaweza kuwa ametoka kiwandani miaka kadhaa baadaye.

Jina la nchi nalo husaidia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1890 iliyotaka bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka, na ndiyo maana neno "Germany" huonekana kwenye vinyago vingi vya Ujerumani vilivyouzwa nje. Mara nyingi, hata hivyo, neno hilo liliandikwa kwenye boksi tu. Boksi likipotea, askari hubaki bila nchi. "Occupied Japan" ni ya miaka ya baada ya vita vya pili vya dunia hadi 1952. "Western Germany" haiwezi kutangulia 1949.

Madini au kitu gani?

Sasa wagawe kwa kile walichoundwa nacho. Sumaku ndiyo ya kwanza. Ikimshika askari mwilini kote, ni chuma cha kusubu, na wa namna hiyo ni wachache: fikiria Grey Iron ya Pennsylvania, Marekani. Ikishika kofia tu, huenda ni Barclay wa New Jersey wa kabla ya vita, ambao helmeti zao zilikuwa za bati zikabandikwa juu ya kichwa cha risasi. Ikivuta kidogo miguuni na mikononi ilhali mwili ni mwepesi na una joto la mbao, hapo umekutana na mchanganyiko wa unga wa mbao na gundi uliofinyangwa juu ya waya.

Hao wa unga wa mbao ni ukoo mkubwa, na hawapaswi kuguswa na maji hata tone. Majina mawili yanatawala: Elastolin ya ndugu wa Hausser, waliofungua kiwanda Ludwigsburg mwaka 1904, na Lineol ya Brandenburg. Urefu wao wa kawaida ni sentimita 7 hadi 7.5, yaani wanawazidi kimo askari wa risasi wa Kiingereza. Nyufa zinazofuata mguu au mkono kwa urefu husababishwa na waya wa ndani unaoota kutu na kuvimba, na ufa huo wenyewe ni kitambulisho, kwa sababu risasi haipasuki hivyo. Ubelgiji walikuwapo Durso, na Italia nako kulikuwa na mafundi wa namna hiyo. Basi usimwite kila askari wa unga wa mbao Mjerumani.

Askari wa metali anayeonekana mzito lakini mkononi ni mwepesi kupita kiasi, na sumaku haimtaki, ni wa aluminiamu. Hao walitoka hasa Quiralu ya Ufaransa, na baada ya vita Wend-Al ya Uingereza. Hapa huhitaji kuhangaika zaidi; viwanda vya aluminiamu vilikuwa vichache mno.

Plastiki hupimwa kwa bakuli la maji. Polithini huelea, polistirini na PVC huzama. Askari laini anayepinda na kuelea ni wa miaka ya 1950 na kuendelea. Wale wadogo wa sentimita 2.5 hivi, waliokuwa wakija wengi kwenye boksi moja dogo, ndio namna ya Airfix, iliyoanza kuwatoa mwaka 1959. Polithini ya zamani ikikauka huwa kama ganda la yai: singe na vifundo vya miguu hukatika kwa kuguswa tu, basi usimnyooshe askari aliyepinda.

Kwa risasi, bati na zinki, hisia ya mkono haitoshi, ila kuna kipimo kizuri kwa askari aliyejaa, asiye na tundu wala karatasi, na ambaye rangi yake haimeguki. Mpime akiwa mkavu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, umning'inize askari kwa uzi azame bila kugusa chini wala kando. Gramu zinazosomeka ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Risasi tupu ni 11.3, bati 7.3, zinki 7.1, aluminiamu 2.7. Askari wa gramu 60 anayesoma 6 majini ana 10, yaani risasi iliyochanganywa na bati kiasi. Aliye na uwazi ndani usimzamishe: maji huingia, hayatoki, na risasi huanza kuoza kutokea ndani.

Bapa, aliyejaa, au mtupu ndani

Huu ndio mlango mkubwa, na ukiupita vizuri nusu ya kazi imekwisha.

Askari bapa, mwembamba kama sarafu, mwenye michoro pande zote mbili, ni wa mapokeo ya Kijerumani, hasa Nuremberg. Kalibu zake zilichongwa kwenye jiwe la sleti. Kimo cha milimita 30 kilikuwa cha kiwanda cha Heinrichsen, kilichoanza mwaka 1839, kisha kikawa kipimo cha wote. Tafuta herufi ndogo sana juu ya kitako, si chini yake, kwa sababu wachongaji walipenda kutia sahihi hapo. Tofautisha rangi: aliyetengenezewa mtoto ana rangi nne au tano zilizopakwa harakaharaka, mwenye vivuli vya uso na mikunjo ya nguo iliyopakwa kwa brashi ya unywele mmoja ni wa mkusanyaji mtu mzima. Kwenye ngome ya Plassenburg, mjini Kulmbach, kuna makumbusho ya askari wa bati, na ndiko pa kulinganishia kundi la namna hii likiwa kubwa.

Askari wa duara, yaani asiye bapa, aliyejaa risasi kichwani hadi miguuni kwa kawaida ni Mjerumani au Mfaransa. Mshike kichwa taratibu: kikicheza kidogo kwenye shingo, huenda kilitengenezwa peke yake kikachomekwa. Hiyo ilikuwa njia ya Heyde wa Dresden na ya Mignot wa Paris, kwa sababu mwili mmoja uliweza kuvishwa vichwa vya majeshi tofauti. Tazama pia farasi. Mpanda farasi anayechomoka kwenye tandiko kwa kijiti humwelekeza mtu huko huko bara la Ulaya. Wa Britains na farasi wake ni kipande kimoja. Heyde hutambulika kwa wingi wa mikao: boksi moja laweza kuwa na anayelala, anayepika, anayepiga tarumbeta, anayeanguka, wote wa kimo ambacho si thabiti sana. Risasi yake ni laini, na miguu ya farasi hupinda kwa uzito wake wenyewe. Kiwanda hicho kiliangamia katika mashambulizi ya mabomu ya Februari 1945, na alama hakikuzoea kuziweka, kwa hiyo "Heyde" ndilo jina linalobandikwa ovyo kuliko yote kwa kila Mjerumani asiyejulikana. Mignot ni mrefu kidogo, ana unadhifu wa rangi, na mara nyingine ana herufi CBG chini.

Kisha kuna watupu ndani. Mwaka 1893 William Britain Mdogo alipata njia ya kumimina risasi ndani ya kalibu, kuiacha igande ukutani tu, kisha kuigeuza ili iliyobaki majimaji itoke. Risasi ikapungua, bei ikashuka, na London ikawashinda Wajerumani sokoni. Dalili ni tundu dogo kwenye kofia, kitako au tumbo la farasi, na uzito unaokushangaza kwa uchache wake. Kitu kingine cha kuangalia ni hesabu: seti ya kawaida ya Britains ilikuwa askari 8 wa miguu au wapanda farasi 5. Ukiona 8 wa mkao mmoja, mmoja wao ofisa, kila mmoja akiwa na mkono mmoja unaozunguka kwenye kishikizo cha bega, umeshapata dalili nzito kuliko muhuri.

Lakini hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Askari mtupu, wa milimita 54, mwenye sura ya Britains na asiye na alama anaweza kuwa mmoja kati ya wanne. Anaweza kuwa Britains wa mwanzo kabisa, wa kabla ya 1900, ambao hawakuandikwa. Wengi wao wana kitako cha umbo la yai, si cha mstatili kilichokuja baadaye. Anaweza kuwa aliyebandikwa karatasi ikadondoka; tafuta chini ya kitako kiraka cha mstatili chenye rangi tofauti au gundi ya kahawia. Anaweza kuwa wa mwigaji, kwa sababu London ilijaa warsha ndogo zilizonakili kazi ya Britains hadi kampuni ikaenda mahakamani. Mwigo huwa mfupi kwa sehemu ya milimita, uso wake umefifia, na mkono wake mara nyingi hauzunguki. Na wa nne ni nakala ya juzijuzi iliyotolewa kwenye kalibu ya mpira: huyo kwa kawaida amejaa ndani, na mizani itamfichua papo hapo ukimweka kando ya mwenzake wa kweli.

Watupu wa Uingereza wako wengine wenye haki yao, kama John Hill, Crescent, Charbens, Cherilea na Timpo. Wengi wao waliandika majina baada ya vita, na wasioandika hutambulika kwa mikao ya kivita yenye vurugu zaidi. Britains walipenda gwaride. Marekani nako Barclay na Manoil walitoa watupu, lakini wao ni wakubwa, milimita 76 hadi 83, hivyo venia inamaliza ubishi.

Kupima kimo

Pima kutoka nyayo, yaani juu ya kitako, hadi utosini, kofia usiihesabu. Askari mwenye kofia ndefu ya manyoya ya walinzi wa mfalme akipimwa mpaka juu hutoa namba isiyofanana na yoyote, na watu huanza kubuni kiwanda. Pima watatu au wanne wa kundi moja uchukue namba inayojirudia.

Sare: inakwambia "si kabla ya"

Sare hutaja jeshi, haimtaji fundi. Kazi yake kubwa ni kufunga mlango wa nyuma. Helmeti ya Adrian ya Kifaransa na ile ya Kiingereza yenye ukingo mpana zilianza 1915. Ya Kijerumani inayofunika masikio 1916. Ya Kimarekani ya duara refu 1941. Askari aliyevaa mojawapo hawezi kutangulia mwaka huo. Upande wa pili mlango uko wazi: makoti mekundu yaliendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya jeshi lenyewe kuvaa kaki vitani, kwa sababu watoto walipenda nyekundu.

Kwenye Britains, masharubu husaidia: wa kabla ya vita vya pili wengi wanayo, wa baada ya vita wengi hawana. Utengenezaji wao wa risasi ulikoma mwaka 1966.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kukutana na anayemfahamu. Seti namba 225 ya Britains ni King's African Rifles, yaani Keya, wenye tarbushi nyekundu. Tarbushi ndiyo inayoponza: Waturuki, Wamisri na askari wa makoloni mbalimbali walivaa kofia za namna hiyo kwenye vinyago vya viwanda vingi, na muuzaji aliyesikia kwamba Keya wana bei hupenda kuwaita wote Keya. Anza na uzito, tundu na kitako kama ulivyofanya kwa wengine, ndipo utazame sare.

Yanayodanganya

Askari asiye na alama ambaye hutokea mara nyingi kuliko wote ni wa nyumbani. Kalibu za kumiminia risasi jikoni ziliuzwa kwa familia, za Schneider wa Leipzig zikiwa maarufu, na tangu miaka ya 1970 za Prince August. Dalili zake ni mshono mnene usiokwanguliwa kwenye mabega na kofia, kisiki cha risasi chini ya kitako pale ilipoingilia, viputo vya hewa usoni, na rangi iliyofurika nje ya mipaka. Kifamilia ni hazina. Sokoni hana bei.

Rangi mpya juu ya ya zamani huonekana kwa lenzi kwenye mikwaruzo: ukiona tabaka mbili za rangi tofauti, au rangi imeingia ndani ya mkwaruzo na kuujaza, amepakwa tena. Chini ya urujuanimno kiraka kilichopakwa baadaye hujitenga na pande zake, na gundi nyingi za kisasa hung'aa. Kijiti cha kiberiti shingoni ni tiba ya kale ya kichwa kilichokatika, na usichanganye kichwa kilichotibiwa hivyo na kile kilichochomekwa kiwandani: cha kiwandani kina kijiti cha risasi yenyewe.

Kuandika ulichokiona

Kila kundi lipate kadi. Andika vipimo kwanza, hitimisho mwisho, na hitimisho liwe na ngazi: "ni wa" pale penye alama au boksi lake, "yaelekea ni wa" pale dalili tatu zinapokubaliana, mathalani madini, kiungo na kimo, "kwa namna ya" pale penye sura tu. Ndipo ulinganishe na picha za minada ya vinyago, ukitazama bei zilizolipwa na siyo zilizotajwa na wauzaji. Kadi nzuri husomeka hivi: "Mfuko 7. Askari 6 wa miguu, risasi, watupu, tundu kwenye kofia. Mm 54. Kitako mstatili, kiraka cha gundi chini ya wanne. Mkono wa kulia unazunguka, mmoja haupo. Masharubu yapo. Rangi ya kiwandani, mmoja amepakwa upya koti. Yaelekea ni wa Britains, kabla ya vita vya pili. Wawili wamekosekana kwenye seti."